Ramani ya Mchana Haikufai Usiku

Njia ya baiskeli niliyokuwa nikiwasifia wenzangu ilinigeuka usiku mmoja, siku ambayo kikao kilichelewa kwisha. Ni njia ya kando ya mfereji, imetengwa na magari, ina miti pande zote mbili, na kila asubuhi niliipita huku nikiwahurumia waliokwama kwenye foleni ya barabara kuu. Usiku huo taa tatu zilizofuatana zilikuwa zimekufa. Taa yangu ya mbele ilinionyesha kiduara cha lami na majani yaliyoloa, basi. Upande mmoja nikamwona mtu amesimama. Upande wa pili nikaona nukta mbili za kijani zikiwaka karibu na ardhi, nikajua ni mbwa. Nikaamua kupita katikati yao. Kamba ya mbwa niliiona zikiwa zimebaki kama mita mbili: nyeusi, kimo cha goti, imetanda kutoka mkono wa mtu hadi shingo ya mbwa.

Breki zilishika, gurudumu la nyuma likateleza juu ya majani, nikatua kwa mguu mmoja. Hakuna aliyeumia. Yule bwana alikuwa na haya kuliko mimi. "Samahani sana ndugu yangu," aliniambia, "nilikuona tangu kule, nikadhani na wewe umeniona."

Tangu hapo nimekuwa nikiitafakari kauli hiyo kila nikisikia watu wakijadili usalama wa baiskeli usiku, kwa sababu mjadala wenyewe kwa kawaida huishia dukani: taa kali zaidi, koti linalong'aa, kofia ngumu. Sina ugomvi na vitu hivyo na nitavirudia. Ila naona tumevipa uzito kupita kiasi, na uchaguzi wa njia tumeupa uzito mdogo mno. Kifaa hukusaidia hatari ikishakukaribia. Njia ndiyo inayoamua utakutana na hatari ngapi kabla hujafika nyumbani. Wengi wetu tulichagua njia mara moja tu, mchana, mara nyingi siku ya mapumziko tulipokuwa na muda wa kuzunguka, kisha tukaitumia saa zote kana kwamba jiji halibadiliki jua likizama.

Mwendesha baiskeli wa usiku ana hofu mbili, nazo zinamvuta kila moja upande wake. Ya kwanza ni hofu ya magari. Hii inamtoa barabara kuu na kumwingiza mitaa ya nyuma, bustanini, kando ya reli, chini ya madaraja, popote ambapo gari halifiki. Ya pili ni hofu ya watu: ya kuporwa, kufuatwa, kusimamishwa na kundi la vijana pahali pasipo na wa kumwita. Hii inamrudisha kwenye mwanga na shughuli, yaani inamrudisha kwenye magari. Mchana hofu ya pili huwa imelala, kwa hiyo tunapanga njia kwa kuitii ya kwanza peke yake. Ndivyo zinavyopatikana njia kama ile ya mfereji, tamu asubuhi na chungu usiku.

Wapangaji wa miji wa Uholanzi walishalitenganisha jambo hili zamani. Kwao kuna usalama wa barabarani, na kuna kile wanachokiita usalama wa kijamii, na njia ya baiskeli inapimwa kwa vyote viwili: je, kuna madirisha yanayoitazama? Kuna pa kutokea njiani, au ukishaingia umeingia? Kona zake zinaonekana kabla hujazifikia? Sehemu nyingine mpangaji huhesabu magari mchana, akakuta njia ya bustanini haina gari hata moja, akaipaka rangi ya kijani kwenye ramani na kuiita salama. Halafu bustani yenyewe inafungwa geti jua likizama. Mwanamke anayetoka zamu ya usiku hahitaji kuelezwa habari hizi. Hesabu ya hofu ya pili amekuwa akiipiga tangu utotoni, na ndiyo maana mara nyingi utamkuta kwenye barabara kuu, katikati ya mabasi, mahali ambapo mtaalamu wa ramani anashangaa kumkuta.

Baada ya usiku ule nilianza kutafuta njia ya tatu. Si barabara kuu wala si kichochoro, bali ule mtaa unaokwenda sambamba na barabara kuu, hatua chache nyuma yake. Karibu kila jiji lina mitaa ya namna hiyo. Ina nyumba ambazo sebule zake zinatazama barabarani, ina maduka mawili matatu yanayochelewa kufunga, ina watu wanaoshuka kwenye kituo cha basi na kutembea kwenda makwao. Magari yapo, lakini yanakwenda taratibu kwa sababu ya matuta, kona na magari yaliyoegeshwa.

Neno "taratibu" hapo ndilo lenye uzito wote. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa linakula karibu mita 14 kila sekunde. Dereva aliyeshtuka anachukua sekunde moja na nusu hivi kabla mguu haujagusa breki. Kufikia hapo ameshasogea mita 21. Ongeza umbali wa breki zenyewe kwenye lami kavu, jumla inafika kama mita 35. Dereva huyohuyo akiwa kwenye kilomita 30 kwa saa, jumla ni mita 17 au 18, nusu kamili. Mchana tofauti hiyo huwa haina makali sana, kwa sababu dereva anakuona tangu mbali. Usiku taa za gari zilizoinamishwa, zile za dimu, zinamulika vizuri makumi machache tu ya mita, na mtu aliyevaa nguo nyeusi huonekana akiwa karibu zaidi ya hapo. Kwenye mtaa wa kilomita 30, dereva aliyeniona kwa kuchelewa bado ana nafasi ya kusimama. Kwenye barabara ya kilomita 50, na hasa ile ambayo imeandikwa 50 watu wakaenda 70, hana. Ndiyo maana nasema mtaa wa polepole unanilinda hata siku betri ya taa imeniishia njiani, au siku nimesahau koti kazini. Unanilinda bila mimi kufanya lolote.

Kuna jambo la macho pia, na nadhani tunalisahau kwa sababu sisi wenyewe, tukiwa juu ya baiskeli, tunaona vizuri, tukadhani dereva naye anatuona hivyohivyo. Jicho linahitaji kama nusu saa kulizoea giza sawasawa, lakini mwanga mkali wa sekunde moja unatosha kuivuruga kazi yote. Dereva kwenye barabara yenye magari ya kupishana anapigwa na mwanga wa namna hiyo kila baada ya muda mfupi. Umri nao una neno lake: mtu wa miaka 60, mwanga unaofika kwenye retina yake ni kama theluthi ya ule unaofika kwenye retina ya kijana wa miaka 20. Kwa hiyo dereva asiyekuona anaweza kuwa mtu mwema, mwenye leseni halali, hajanywa, hajashika simu. Hakuoni tu.

Sasa turudi kwenye vifaa, kwa sababu vipo vinavyofanya kazi na vipo vinavyotudanganya. Lile koti la rangi ya ndimu, lile linalowaka mchana kama limewekewa betri, hupata ukali wake kutoka kwa miale ya urujuanimno ya jua. Jua likishazama, hakuna miale, na chini ya taa za mtaani koti linabaki nguo ya rangi ya kawaida. Kinachofanya kazi usiku ni kiakisi, ile michirizi ya kijivu inayorudisha mwanga kule ulikotoka. Na mahali unapokiweka ni muhimu kuliko ukubwa wake.

Mwaka 1973 mwanasaikolojia wa Sweden, Gunnar Johansson, alionyesha kwamba nukta chache za mwanga zikifungwa kwenye viungo vya mtu anayetembea gizani, mtazamaji anatambua mara moja kwamba yule ni binadamu, ingawa haoni mwili wala sura. Nukta hizohizo zikitulia, hazisemi kitu. Baadaye watafiti wa Australia walilipeleka wazo hilo kwenye baiskeli, wakawapa madereva gari waendeshe usiku kwenye barabara ya majaribio. Waendesha baiskeli waliovaa nguo nyeusi walitambuliwa katika asilimia 2 tu ya nafasi. Koti la rangi ya kung'aa bila viakisi likafika asilimia 15, koti lenye viakisi asilimia 50. Walipoongeza mikanda ya viakisi kwenye vifundo vya miguu na magoti, ikafika asilimia 90. Mguu unaopanda na kushuka hauna mfano mwingine barabarani; dereva haulizi ni nini kile. Mimi nina mikanda miwili, kila mguu mmoja, na hiyo ndiyo ya kwanza kuitafuta nikitoka kazini.

Taa nazo zina ushahidi wake. Katika jaribio lililofanyika Odense, Denmark, mwaka 2004 na 2005, waendesha baiskeli 3,845 waligawanywa: wengine walipewa taa zinazowashwa na sumaku za gurudumuni, zinazowaka muda wote, wengine wakaendelea kama kawaida. Ajali za kuumia zilikuwa pungufu kwa asilimia 19 kwa wale wenye taa za kuwaka daima. Si haba hata kidogo, na mtu asiyewasha taa usiku sina la kumtetea. Lakini itazame takwimu hiyo kwa upande wake wa pili: sehemu kubwa ya ajali ilibaki palepale. Taa iliwaka, na bado.

Kwa nini? Jibu langu ni makutano, na hapa kuna udhaifu wa kiakisi usiosemwa sana. Kiakisi hakina mwanga wake. Ni kama macho ya yule mbwa: yaliwaka kwa sababu taa yangu iliyamulika na mimi nilikuwa nyuma ya taa hiyo. Dereva anayekuja nyuma yako, taa zake zinakupiga mgongoni tangu mbali, kiakisi kinamrudishia, mambo yanakwenda sawa. Dereva anayetoka mtaa wa pembeni, taa zake zinamulika ng'ambo ya barabara, mbele ya boneti yake. Wewe unakuja ukitokea ubavuni. Mwanga wake utakugusa siku umeshafika mbele ya bampa. Kwa dereva huyo, koti lako na mikanda yako yote ni kiza kitupu mpaka dakika ya mwisho. Kinachokusaidia hapo ni taa ya mbele, inayoonekana kwa pembeni pia, na mwendo wako mwenyewe. Zaidi ya vyote, kinachokusaidia ni kutokuwa na mitaa mingi ya pembeni.

Na hapo ndipo sifa yangu kwa mtaa wa nyuma inapopata dosari. Mitaa hiyo ina vichochoro vinavyoingia kila baada ya nyumba chache. Nilitoka Jumapili moja usiku, bila haraka, nikahesabu. Mtaa wangu wa kwanza, mtulivu kabisa, ulikuwa na mianya 23 ya gari kutokea, tisa kati yake ikifunikwa na magari yaliyoegeshwa hadi kwenye kona. Barabara kuu ya sambamba ilikuwa na makutano saba, yote na mataa. Nilisimama pale nikajisikia mjinga kidogo, kwa sababu nilikuwa nimeshauamini ule utulivu. Mwishowe niliuacha mtaa ule na kuuchukua wa nyuma yake tena, wenye makazi upande mmoja na ukuta mrefu wa shule upande wa pili. Ukuta hautoi magari. Nusu ya mianya ikafutika hapohapo. Watu hawazisifii kuta kwenye makala za mipango miji, lakini ukiwa na madirisha upande mmoja na ukuta upande wa pili, umepata vyote viwili.

Magari yaliyoegeshwa yana hatari yake nyingine, mlango. Mchana unaweza kuona kichwa cha mtu ndani ya gari. Usiku vioo ni vyeusi. Dalili zinazobaki ni ndogo: taa nyekundu za breki zilizozimika sasa hivi, taa ya ndani inayowaka, gari ambalo limetoka tu kuingia pale. Kanuni za barabarani za Uingereza zinamwambia mwendesha baiskeli akae angalau mita moja kutoka kwenye magari yaliyoegeshwa, na naona usiku mita hiyo haina mjadala. Ukipigiwa honi kwa sababu umekaa mbali na magari yale, acha wapige. Honi maana yake umeonekana.

Watu wengi wakitafuta njia huanzia nyumbani, wakauliza nitoke vipi. Mimi nashauri waanzie kwenye vizuizi. Jiji lolote kubwa limekatwa na vitu visivyovukika ovyo: mto, reli, barabara ya mwendo kasi, uwanja mkubwa uliozungushiwa uzio. Vizuizi hivyo vina vivuko vichache, na vivuko vyote hujaa magari kwa sababu nayo hayana pengine pa kupita. Kwa hiyo daraja ndilo linalokuchagulia njia, si wewe. Tafuta kwanza kivuko kinachovumilika usiku, ndipo ushone mitaa pande zake mbili. Ukianza kwa kushona mitaa mizuri, utajikuta umefika kwenye daraja baya, na kufikia hapo umeshajishawishi kwamba ni mita mia mbili tu.

Hizo mita mia mbili ndizo njia yako. Watafiti watatu waliouchambua mji wa San José, California, kwenye ripoti ya mwaka 2012 waliweka kanuni ambayo naona ina akili sana: njia haipimwi kwa wastani wake, inapimwa kwa kipande chake kibaya kuliko vyote. Kilomita saba za amani hazifidii makutano mamoja yanayokuondoa pumzi. Walikadiria pia kwamba watu huvumilia kuzunguka mpaka robo hivi ya umbali wa njia fupi, zaidi ya hapo wanakata tamaa. Ichukue robo hiyo kama bajeti yako. Safari ya kilomita 8 inakuwa 10. Kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa ni dakika 8 za ziada. Mtu anayekataa dakika 8 ili aepuke daraja baya, mimi huwa namwuliza analala saa ngapi.

Programu za simu hazijafika huko. Zinajua urefu, zinajua milima, nyingine zinajua palipo na njia ya baiskeli. Ramani huria ya OpenStreetMap ina hata sehemu ya kuandika kama barabara fulani ina taa au haina, na kuna programu zinazoisoma. Ila ramani inasema nguzo ipo. Haisemi balbu imekufa, wala haisemi kwamba taa imewekwa kumulika katikati ya barabara na mti umekua mbele yake, hata ukingoni, pale unapopita wewe, pamebaki mabaka ya giza na mwanga yanayopishana kama pundamilia. Hayo huyajui mpaka uende mwenyewe, tena usiku, saa ileile utakayopita. Nenda siku ambayo huna haraka. Simama kwenye kila kona inayokutia shaka kwa dakika mbili nzima, uangalie magari yanakuja kwa mwendo gani na yanageuka vipi. Dakika mbili ni ndefu ukisimama gizani, lakini utajifunza kuliko ukipita mara ishirini.

Na uende zaidi ya mara moja, kwa sababu usiku si mmoja. Magharibi, jua likiwa chini, dereva anayeelekea upande wa jua haoni kitu, na nusu ya magari hayajawasha taa kwa sababu wenyewe wanaona bado mchana. Saa moja hadi saa mbili usiku kuna foleni. Magari ni mengi lakini yamekwama, na foleni, kusema ukweli, ni kinga. Hatari yake ni ndogondogo: mtu anayefungua mlango ashuke kwenye taa, pikipiki inayojipenyeza mahali ulipojipenyeza wewe. Baada ya saa nne barabara inafunguka, na barabara iliyo wazi inaalika mwendo. Barabara kuu ambayo saa moja ningeipita bila wasiwasi, saa sita usiku siigusi, maana waliobaki juu yake ni wachache, wachovu, na baadhi wametoka kunywa. Saa hiyohiyo ndiyo mtaa wa nyuma unakosa watu na hofu ya pili inaamka. Nina njia mbili za kurudi nyumbani, na ninayoichukua inategemea saa ninayofunga kompyuta. Kwenye nchi zinazobadilisha saa majira ya baridi yakiingia, mabadiliko hayo humwangukia mtu ghafla: Ijumaa alirudi kukiwa na mwanga, Jumatatu anarudi gizani kwa njia ileile.

Mvua nayo inabadilisha ramani. Rangi nyeupe za barabarani zinang'aa usiku kwa sababu zimechanganywa na vishanga vidogo vya kioo. Maji yakizifunika, vishanga havirudishi mwanga, na mistari inapotea. Lami yenyewe inageuka kioo kinachoonyesha kila taa mara mbili, na taa yako moja nyekundu inaogelea humo pamoja na nyingine mia. Shimo lililojaa maji halina tofauti na lami iliyoloa. Reli za tramu, zile treni za mjini zinazopita barabarani, na mifuniko ya chuma zinateleza kama sabuni. Zivuke kwa kuzikata moja kwa moja, usizivuke kwa mshazari. Siku ya mvua kubwa nachagua barabara ninayoyajua mashimo yake yote hata kama ni ndefu. Hakuna taa inayoshinda kumbukumbu hapo.

Kuhusu taa, nina mawili tu. La kwanza ni pembe. Taa kali iliyoelekezwa juu inampofusha dereva anayekuja na mwenzako wa baiskeli pia, na aliyepofushwa hakuoni, anaona jua. Kanuni za zamani za Ujerumani zilikuwa na kipimo ambacho bado nakitumia: simamisha baiskeli mita 5 kutoka ukutani, na katikati ya mwanga pawe nusu ya kimo cha taa. Taa iko sentimita 80 kutoka chini, mwanga upige sentimita 40. La pili ni kumetameta. Nchi hazikubaliani: Ujerumani inakataza taa za baiskeli zinazometameta, Uingereza ilizihalalisha mwaka 2005. Mimi niko na Wajerumani. Taa inayometa inavuta jicho, sikatai, lakini dereva anashindwa kukadiria uko umbali gani, kwa sababu kila anapoanza kupima, umezimika. Gari lina taa mbili nyuma, na nafasi kati yake inamwambia dereva umbali. Baiskeli ina moja. Tuiache basi iwake.

Nimeandika haya yote kana kwamba mzigo ni wa mwendesha baiskeli, na hilo linanikera. Hakuna anayemwambia dereva atoke Jumapili usiku kuhesabu mianya. Jiji linalojenga njia ya baiskeli bila kuiwekea taa, au linaloipitisha kwenye bustani yenye geti linalofungwa jua likizama, limejenga nusu ya njia, na nusu hiyo limewapa wanaotoka kazini mapema. Wenye zamu, wahudumu, walinzi, wasafishaji wa ofisi, wauguzi, yaani wale wanaohitaji baiskeli zaidi kwa sababu usiku mabasi yameadimika, ndio walioachwa nje ya ramani. Kama ingekuwa juu yangu, kila njia mpya ingekaguliwa saa tatu usiku mwezi wenye giza refu kuliko yote kabla ya kuzinduliwa, na mkaguzi aje kwa baiskeli, peke yake. Na magari yazuiwe kuegeshwa mita chache za mwisho kabla ya kila kona. Hilo la mwisho lingeokoa wengi kuliko makoti yote niliyowahi kuyanunua, na halihitaji zaidi ya ndoo ya rangi na vinguzo vichache.

Taa tatu za mfereji niliziripoti, nikapewa namba ya kumbukumbu. Baada ya wiki kadhaa mbili zikawaka. Njia ile bado naipita asubuhi. Usiku nafuata ukuta wa shule, navuka reli kwenye kivuko cha kituoni ambako mpaka saa tano kuna watu, kisha nauchukua mtaa wa matuta hadi mwisho. Pamebaki pahali pamoja tu ambapo sijapatia dawa: makutano ya njia tano, ambako malori ya usiku hukata kona bila kupunguza mwendo. Hapo nashuka. Nasukuma baiskeli kwenye kivuko cha waenda kwa miguu, nasubiri taa ya kijani, navuka, nasubiri nyingine. Mikanda ya miguuni inaendelea kuwaka nikitembea.